Sauti ya Mtahiniwa Namba 417

Kwa mara ya tatu tangu aingie mjini, Rosemonde Haché aliulizwa baba yake ni nani kabla ya kujibiwa swali lake.

"Haché wa wapi?" aliuliza Aldéric Mallais, msimamizi wa kituo cha mitihani cha Pointe-aux-Goélands, mwanamume wa miaka sitini na ushei aliyevaa sweta la mistari. "Wa Alcide, au wale wa darajani?"

"Wa Fernand, wa Shippagan. Naomba kitabu cha mahudhurio cha tarehe kumi na nne Juni."

"Fernand mwenye boti ya kijani?"

"Ya buluu. Kitabu, Bwana Mallais."

"Kunywa kahawa kwanza. Umetoka Moncton na theluji hii?"

Alikuwa ametoka Moncton saa kumi na moja alfajiri, na nusu ya safari alikwenda nyuma ya gari la kusukuma theluji lililotembea mwendo wa bibi harusi. Kahawa hakuitaka. Alitaka kitabu. Baraza la Mitihani ya Lugha, mwajiri wake, lilikuwa limekiomba kwa barua mbili na simu nne, na kila mara likapewa jibu jipya: kitabu kimepelekwa kushonwa jalada, kitabu kimelowa, Bwana Mallais yuko kwenye mashindano ya kutelezesha mawe barafuni. Kwa hiyo Baraza likamtuma mpelelezi wake, na mpelelezi alikuwa amesimama pale, theluji ikimyeyukia ndani ya buti.

Faili alilobeba lilikuwa la Akpene Tsogbe, Mtogo wa miaka ishirini na saba. Alikuja kusomea uuguzi msaidizi katika chuo cha Kifaransa cha mji ule, akahitimu, akaajiriwa kwenye makao ya wazee. Serikali ilikuwa na njia maalumu kwa vijana wa aina yake: wanaozungumza Kifaransa, wakasoma kwenye miji midogo iliyozungukwa na Kiingereza pande zote, waruhusiwe kubaki moja kwa moja ili lugha isizikwe pamoja na wazee. Sharti mojawapo lilikuwa cheti cha mtihani wa Kifaransa. Akpene, aliyesoma kwa Kifaransa tangu chekechea huko Kpalimé, alikaa mtihani, akafaulu. Desemba, ofisa wa uhamiaji alimhoji kwa video, kisha akasikiliza rekodi ya mtihani wake wa kuzungumza. Akaandika mstari mmoja: *Sauti hizi ni za watu wawili.*

Kumtuma mtu akufanyie mtihani kulikuwa na adhabu ya kufungiwa maombi miaka mitano. Kibali cha kazi cha Akpene kilikuwa kinakwisha tarehe ishirini na mbili Februari. Rosemonde alifika tarehe kumi na moja.

Hatimaye kitabu kilitoka kwenye droo ileile ambayo Mallais alikuwa ameegemea muda wote.

Mtahiniwa 417, Tsogbe: ameingia saa tatu kamili asubuhi, ametoka saa tatu na dakika arobaini. Pasipoti imekaguliwa. Saini ya Mallais.

"Kwa hiyo ulimwona kwa macho yako," Rosemonde alisema.

"Nilimwona mtu na pasipoti." Mallais alikwaruza kidevu. "Sikiliza, mimi si mtu wa kusengenya. Lakini hawa mabinti wanasaidiana sana. Karani wangu wa mapokezi, Godelieve, Mrundi, wanapanga nyumba moja na huyo Tsogbe. Mimi sisemi kitu. Nakwambia tu wanakaa nyumba moja."

"Godelieve yuko wapi leo?"

"Nimempa mapumziko."

"Lini?"

"Leo asubuhi," alisema Mallais, akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

*

Kwenye makao ya wazee Rosemonde aliambiwa asubiri, akaambiwa asaini kitabu cha wageni, akaambiwa avue buti, kisha mlinzi akataka kujua kama yeye ni Haché wa Alcide. Ilikuwa saa nne na nusu alipomkuta Akpene Tsogbe akimlisha uji bibi mmoja mdogo mwenye macho makali.

"Naweza kuendelea huku tunaongea?" Akpene aliuliza. "Bibi Zélia uji ukipoa anautema."

"Nautema ukiwa mbaya," bibi alisema. "Huyu ni nani?"

"Ni wa Baraza la Mitihani, bibi. Wanasema sikufanya mtihani wa Kifaransa mwenyewe."

Bibi Zélia alimtazama Rosemonde kuanzia soksi hadi kofia. "Huyu binti anaongea Kifaransa kuliko padri wetu. Mimi nina miaka tisini na moja, nimeishi na mapadri tisa. Umeendesha gari mpaka hapa kuuliza hilo?"

"Nimeendesha, mama."

"Na unalipwa?"

Rosemonde aliiweka simu yake juu ya meza na kuchezesha rekodi. Sauti ya Mallais ilisoma namba 417, ikauliza mtahiniwa aeleze kuhusu mtu anayemheshimu. Sauti ya mwanamke, nyororo, yenye kicheko cha chinichini, ikaanza kumweleza bibi yake aliyelima kahawa mpaka alipofika miaka sabini. Kwenye dakika ya nne ulisikika mlio mwembamba, ukapanda, ukashuka, kama birika la chai chumba cha jirani. Kijiko cha Akpene kilikuwa kimesimama hewani.

"Si mimi," alisema.

"Najua si wewe. Hilo nimelijua tangu uliponisalimia. Nataka kujua ni nani."

Akpene alirudisha kijiko bakulini.

"Msikilize anavyotaja sabini," Rosemonde aliendelea. "Anasema *septante*. Neno moja. Nyinyi Togo hamsemi hivyo."

"Sisi tunasema sitini na kumi. Kama hapa."

"Wanaosema hivi wamefundishwa na Wabelgiji. Kongo, Rwanda, Burundi. Unamjua Mrundi yeyote mjini hapa, dada?"

Akpene alimfuta bibi kidevu, taratibu, mara mbili.

"Jibu lako lina uzito," Rosemonde alisema. "Ukinyamaza naandika kwamba umenyamaza."

"Andika. Mimi niliingia chumba kile saa tatu, nikaongea kuhusu mjomba wangu dereva wa lori, nikatoka. Nilikuwa na zamu saa nne, muulize msimamizi wangu. Nimeandika hivyo kwa uhamiaji, nimeandika kwenu, nimejaza fomu yenu ya malalamiko mara mbili kwa sababu ya kwanza mlisema wino haukuwa mweusi. Mtu ambaye hayupo hapa sitamtaja. Nenda ukamuulize mwenyewe."

"Ukimtetea unajizamisha."

"Ukinifukuza nchini nani atampa bibi uji?"

"Si huyu," alisema Bibi Zélia. "Huyu angeniunguza."

*

Nyumba ilikuwa nyuma ya kanisa, ghorofa ya juu, ngazi za nje zikiwa zimeganda barafu. Godelieve Nininahazwe alifungua mlango akiwa na aproni. Sufuria la maharage lilikuwa linachemka jikoni. Rosemonde alimwonyesha kitambulisho, akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa amechoka kuzungushwa, na alianza na swali ambalo kwa kawaida huwekwa mwisho.

"Ulimfanyia Akpene mtihani?"

"Mimi?" Godelieve alikunja uso. "Mimi sijawahi kufanya mtihani ule. Mimi niliingia nchi hii na mume wangu, nina karatasi zangu za ukaazi wa kudumu. Mtihani nifanye wa nini?"

"Huo si wako ninaokuuliza. Ni wa mwenzako."

"Akpene anaongea kama redio. Anahitaji mtu wa kumsemea?"

Rosemonde alichezesha rekodi. Godelieve alisikiliza akiwa na mwiko mkononi. Bibi wa kahawa alipotajwa, alivuta kiti akaketi.

"Huyo ni mimi," alisema.

Rosemonde alisimamisha rekodi. Miaka kumi na minne ya kazi, na hakuwahi kupewa jibu la namna hiyo bila kulipigania.

"Rudia."

"Ni mimi. Huyo ni bibi yangu, wa Ngozi. Lakini hiyo ilikuwa ya kujaribu mashine. Bwana Aldéric aliniita, akasema mashine inasumbua, kaa hapo niulize maswali mawili matatu nione kama inarekodi. Nikakaa."

"Alisoma namba ya mtahiniwa. Hukushangaa?"

"Alisoma namba. Namba ni namba tu, mama. Angesoma jina la Akpene ningemuuliza."

"Na miezi miwili mwenzako anatuhumiwa, wewe hukuoanisha?"

"Aliniambia wanasema amedanganya. Rekodi hakuna aliyetuchezeshea. Mmemtumia barua, mmemtumia fomu. Rekodi mmekaa nayo wenyewe."

Rosemonde aliandika hilo pia. Maelezo yalikuwa mazuri mno. Marafiki wawili, nyumba moja, hadithi ambayo wangeweza kuipanga jana usiku wakiosha vyombo. Ofisi ya uhamiaji ingeitupa kabla ya aya ya pili.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa na mkate mkononi, akaniambia niuweke chini, karatasi yake inapiga kelele."

"Kuna mtu mwingine alikuona?"

"Kituo kinafungwa saa hiyo. Nani anione?"

Wakati huohuo king'ora cha zimamoto kililia juu ya paa za mji, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Godelieve hakugeuza hata kichwa.

"Nini hicho?" Rosemonde aliuliza.

"Saa sita. Wanakipiga kila siku saa sita kamili, wanakijaribu."

Rosemonde aliirudisha rekodi hadi dakika ya nne, akaongeza sauti mpaka mwisho. Mlio aliouchukulia kuwa birika ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Kitabu cha mahudhurio kilisema Akpene aliondoka saa tatu na dakika arobaini. Msimamizi wa makao ya wazee angeweza kuthibitisha kwamba saa nne alikuwa zamuni. Mtu aliyeongea kwenye rekodi ya 417 aliongea saa sita mchana, mlango wa kituo ukiwa umefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa mmoja.

"Kula kidogo," Godelieve alisema. "Umekuwa mweupe."

"Sili kwa mashahidi," Rosemonde alisema. Kisha akauliza, "Ni maharage ya nini?"

Alikula sahani moja, amesimama, akiwa anampigia simu msimamizi wa makao ya wazee. Msimamizi alithibitisha: Tsogbe aligonga kadi ya kuingia kazini saa nne kasoro dakika tano.

*

"Fungua kompyuta ya rekodi," alimwambia Mallais.

"Nenosiri analijua fundi."

"Limebandikwa hapo kwenye kioo, Bwana Mallais. Kwa karatasi ya njano."

Mallais alifungua. Alichukua muda kutafuta miwani, muda mwingine kuifuta. Rosemonde alishika kipanya mwenyewe. Tarehe kumi na nne Juni, watahiniwa saba. Kila faili la sauti lilikuwa na saa ya kuzaliwa kwake. Matano yalilingana na kitabu cha mahudhurio bila kasoro. La 417 lilikuwa limetengenezwa saa sita kasoro dakika nne.

"Nieleze."

"Saa ya kompyuta huwa inaruka."

"Iliruka kwa mmoja, ikatulia kwa wengine?"

Mallais alikaa. Sweta lake lilionekana kubwa kuliko asubuhi.

"Nilisahau kubonyeza," alisema. "Binti aliongea vizuri mno, nikawa namsikiliza tu. Mjomba wake na lori lake. Alipotoka ndipo nikaona taa haikuwaka."

"Kwa nini hukumwita arudi? Anafanya kazi mita mia tatu kutoka hapa."

"Ukimwita mtahiniwa arudi, unajaza ripoti ya hitilafu."

Rosemonde aliacha kipanya, akamgeukia.

"Ndiyo hivyo tu? Ripoti?"

"Ni kurasa kumi na mbili, Mama Haché. Na nilikuwa na onyo moja tayari. Onyo la pili mnafunga kituo. Mkifunga, watoto wa hapa wataenda kufanyia wapi, Moncton? Nilifikiri ni sauti tu. Nilifikiri hakuna anayezisikiliza."

"Na asubuhi ya leo ukanitupia karani wako."

Mallais aliangalia mikono yake.

"Yeye ana karatasi za kudumu," alisema. "Nilijua hawawezi kumfanya kitu."

Rosemonde aliandika maelezo yote kwa mkono, ukurasa na nusu, akamsomea, akampa kalamu. Mallais alisaini mahali patatu. Ndipo Rosemonde alipoangalia tena orodha kwenye kioo, safari hii kwa utulivu, mstari kwa mstari, kwa sababu alikuwa amehesabu matano yaliyo sawa na moja lililo baya, na watahiniwa walikuwa saba.

Faili la 418 lilikuwa limetengenezwa saa sita na dakika ishirini na mbili. Kitabu kilisema 418 alitoka saa nne na nusu.

"Taa haikuwaka mara ngapi, Bwana Mallais?"

Rosemonde alibonyeza faili. Sauti ya Mallais ilisoma namba na kuuliza kuhusu kazi ambayo mtahiniwa angependa kuifanya. Ukapita ukimya mfupi, kiti kikalia, na sauti ya Mallais, iliyoshushwa chini na kukwaruzwa kidogo, ikajibu kwamba ingependa kufanya kazi ya mashine za boti.

"Huyo alikuwa mwanamume," Mallais alisema polepole. "Godelieve asingeweza."

*

Ofisi ya uhamiaji ilimsubirisha Rosemonde kwenye simu kwa muziki wa kinanda dakika arobaini na nane, ndani ya gari, injini ikiunguruma ili asigande. Ofisa aliyepokea mwishowe alikuwa mwepesi na mwenye adabu. Angeifuta tuhuma ya Tsogbe siku hiyohiyo akipata maelezo yaliyosainiwa. Kibali cha kazi kingeongezwa wakati maombi yakiendelea. Ila faili bado halikuwa na mtihani halali wa kuzungumza, kwa hiyo mtahiniwa angepaswa kuurudia.

Rosemonde alirudi makao ya wazee kumweleza ana kwa ana. Akpene alisikiliza mpaka mwisho, mikono mifukoni mwa sare.

"Godelieve hana kosa?"

"Hana."

"Basi sawa." Akafikiri. "Na mimi nirudie mtihani."

"Jumamosi, Moncton. Nimekuwekea nafasi. Nitasimama mlangoni mwenyewe niione taa ikiwaka."

"Kuthibitisha kwamba najua Kifaransa."

"Ndiyo."

"Umenieleza haya yote kwa lugha gani, mama?"

Akpene alimwangalia kidogo, akacheka kwa pua, akarudi wodini.

Ndani ya gari Rosemonde alifungua kompyuta yake na kutafuta 418. Alseny Sompare, Mguinea, fundi wa mashine za boti, mhitimu wa chuo kilekile. Alituhumiwa Agosti. Alikata rufaa kwa Baraza mara tatu, kwa barua. Oktoba mpelelezi wa Baraza alithibitisha udanganyifu kwa kujaza fomu fupi, ile ya kesi zisizo na utata. Novemba Sompare aliondoka nchini. Chini ya fomu palikuwa na kisanduku: *Rekodi imesikilizwa.* Kilikuwa na alama ya vema. Chini ya kisanduku palikuwa na saini: *R. Haché.*

Alikaa akiitazama mpaka kioo cha gari kikafunikwa theluji. Kisha akapiga namba ya Conakry. Ilikuwa saa tisa mchana kwake, saa moja jioni kule.

"Ndiyo," sauti ya kijana ilijibu. Nyuma yake jenereta ilikuwa inanguruma.

"Bwana Alseny Sompare? Naitwa Rosemonde Haché, napiga kutoka Baraza la Mitihani ya Lugha."

Jenereta ilizimwa. "R. Haché," kijana alisema. "Nilidhani ni mwanamume."

"Sauti iliyo kwenye faili lako si yako."

"Ndivyo nilivyokuandikia. Barua tatu."

"Msimamizi alisahau kurekodi, akaongea mwenyewe mahali pako. Amekiri leo."

"Mwenyewe? Yule mzee? Na anaongea kama mtu wa kwenu. Ungesikiliza dakika moja ungejua."

"Ningejua."

"Hukusikiliza."

"Sikusikiliza. Niliweka alama kwamba nimesikiliza."

Pumzi yake ilisikika kwenye simu, mara kadhaa. Hakupaza sauti.

"Nitaomba faili lako lifunguliwe upya," Rosemonde alisema. "Leo hii. Siwezi kukuahidi watakurudisha lini."

"Mama, unajua hapa wanasemaje? Wanasema nimerudishwa kwa kushindwa Kifaransa. Baba yangu amefundisha Kifaransa sekondari miaka thelathini na mbili. Tangu nimerudi hajaniuliza kitu. Ananipa salamu, anaingia ndani. Nafikiri anaamini karatasi. Ameamini karatasi maisha yake yote."

"Nitakuandikia barua rasmi."

"Mimi usiniandikie. Mimi najua nilichofanya. Mwandikie yeye, na isiwe fomu."

Akamtajia anwani, herufi kwa herufi, sanduku la posta na mtaa. Rosemonde aliiandika, akaisoma kwa sauti ihakikiwe. Simu ilipokatika alitafuta karatasi isiyo na nembo ya Baraza, akaipata nyuma ya risiti ndefu ya mafuta ya gari. Akaiweka juu ya usukani na kuanza rasimu. Alikata mstari wa kwanza, akakata wa pili. Wa tatu aliuacha.

*Mwalimu Sompare, mwanao alisema kweli, na mtu aliyetia saini kwamba alidanganya ni mimi.*